Rafu za nailoni na dirisha la nondo: tathmini ya utaratibu wa "bidhaa za lazima tu"

Rafu ya vesti na soksi za watoto imefunikwa nailoni toka juu mpaka chini, imebanwa kwa gundi ya utepe. Ukisogea njia chache mbele, chupa za vodka zimejipanga wazi, bei zinasomeka, hakuna wa kukuzuia. Hivyo ndivyo zilivyoonekana supamaketi nyingi za Wales, nchi iliyo ndani ya Uingereza, mwishoni mwa Oktoba 2020, wakati wa zuio la UVIKO-19, na hicho ndicho kilichowapandisha watu hasira kuliko zuio lenyewe.

Tanzania hatukufungiwa namna hiyo. Shule zilifungwa Machi 2020, ndoo zenye bomba zikawekwa milangoni mwa maduka, masoko yakaendelea. Kwa hiyo tunachokipima hapa ni huduma ya kwa wenzetu, tukiitazama kwa jicho la biashara ya rejareja ya Mtwara: la anayepima sukari robo, anayekata bafta kwenye jora, anayeuza salfa msimu wa mikorosho. Swali letu ni dogo. Huduma ya "nunua cha lazima tu" inafanya kazi, au haifanyi? Na ikishindwa, inashindwa kwenye nini?

Zuio la Wales lilikuwa la siku 17, kuanzia saa 12 jioni Ijumaa ya Oktoba 23 hadi Novemba 9. Maduka ya nguo, samani na vyombo yalifungwa, ya chakula na dawa yakabaki wazi. Kikwazo kikawa supamaketi, maana yenyewe huuza maziwa, shuka, birika la umeme na midoli chini ya paa moja. Waziri Kiongozi wa wakati huo, Mark Drakeford, akasema ni suala la haki: kama mwenye duka dogo la nguo amefunga, jirani yake mkubwa asiuze nguo kwa sababu tu anauza na mkate. Serikali ikaongeza sababu ya pili, kupunguza muda ambao watu wanazurura ndani ya maduka.

Sababu zote mbili zina uzito. Kosa ni kuzipa dawa moja. Ukitaka haki kati ya wafanyabiashara, unafunga aina ya bidhaa kwa kila mtu. Ukitaka kupunguza muda wa watu ndani, unahesabu vichwa mlangoni na kubadili namna ya kuchukua mzigo. Nailoni juu ya rafu inagusa la kwanza tu. La pili inaweza hata kuliharibu, kwa sababu mteja aliyekuja na shida ya blanketi haondoki. Anamtafuta mfanyakazi, anauliza, anabishana, anaita msimamizi, na muda wote huo yumo ndani.

Kasoro nyingine ilikuwa haraka. Habari kwamba supamaketi nazo zitabanwa ilisambaa Alhamisi, utekelezaji ukaanza Ijumaa jioni. Anayejua kazi ya kupanga duka anaelewa hapo kuna nini. Kufunika rafu moja ndefu ni kazi ya watu wawili na roli la nailoni. Kujua kipi kifunikwe ndiyo shughuli, kwa sababu rafu hupangwa kwa matumizi ya nyumbani, haipangwi kwa sheria. Betri na balbu hukaa karibu na taa za mapambo. Sufuria hukaa karibu na sabuni ya vyombo. Ukishusha nailoni moja umefunika vyote, na ukikata matundu kila mahali utepe unaachia kabla ya asubuhi. Matokeo yake kila meneja alikata kwa akili yake, birika likauzwa hapa, pale likafunikwa.

Kichekesho cha kusikitisha zaidi kilikuwa cha pedi za hedhi. Mteja mmoja alilalamika mtandaoni kwamba hakuweza kuzinunua, na akaunti ya Tesco ikamjibu kana kwamba serikali ndiyo imezikataza. Baadaye kampuni ikasahihisha: pedi ni za lazima na zinauzwa, ila eneo lile la duka lilikuwa limezungushiwa uzio kwa sababu ya uchunguzi wa polisi baada ya wizi. Ilishachelewa. Watu waliamini, na waliamini kwa sababu nailoni haikuwa na maelezo. Ukifunika kitu bila kuandika kwa nini, mteja atajaza sababu yake mwenyewe, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya kweli. Karatasi moja ya A4 ingetosha: nini hakiuzwi, mpaka tarehe gani, mwenye dharura amuone nani.

Maombi ya kupinga agizo yaliyopelekwa kwenye Bunge la Wales, Senedd, yalikusanya sahihi zaidi ya 67,000. Ndani ya siku chache serikali ikatoa ufafanuzi kwamba mwenye shida ya kweli anaweza kuuziwa, duka likitumia busara. Tunaupa ufafanuzi huo nusu alama. Busara ni nzuri, lakini ilitupwa mabegani mwa keshia. Mtu anayelipwa kwa saa anageuzwa hakimu wa kuamua kama shuka yako imechanika kweli au umetamani rangi mpya.

Afrika Kusini walijaribu njia nyingine, wakaandika kila kitu. Mei 12, 2020, wakati wa zuio la ngazi ya nne, ilitoka orodha ya nguo zinazoruhusiwa. Fulana za mikono mifupi ziliruhusiwa zikionyeshwa dukani kama za kuvaliwa ndani ya sweta. Suruali fupi ziliruhusiwa zikiwa za kuvaliwa na buti na taiti. Viatu viwe vya kufunika vidole. Walikuwa wanaingia baridi, hivyo wazo la nguo za joto lilikuwa na mantiki. Utekelezaji ndio uliochekesha: fulana ni ileile, ukiitundika peke yake ni haramu, ukiivalisha sanamu pamoja na sweta ni halali. Kabla ya hapo palikuwa na ugomvi wa kuku wa kuchoma. Chakula kibichi ruksa, chakula cha moto kilichopikwa supamaketi marufuku. Sigara nazo zilizuiwa tangu Machi 27 mpaka katikati ya Agosti, na waliotaka kuvuta walizipata kwa magendo kwa bei ya kuruka.

Uganda, jirani zetu, walikwenda moja kwa moja. Mwishoni mwa Machi 2020, Rais Museveni aliagiza masokoni kuuzwe chakula tu, na wauza chakula walale hukohuko. Agizo linaeleweka kwa sentensi moja, na kwa kipimo cha uwazi tunalipa alama kubwa kuliko la Wales. Kwa kipimo cha nyumbani kwa mtu ni habari nyingine, kwa sababu chakula pekee hakitoshi kuendesha nyumba hata wiki mbili.

Tujaribu orodha ya Wales hapa kwetu. Tuseme kesho Manispaa ya Mtwara-Mikindani inaagiza chakula, dawa na usafi tu, nguo na vifaa vifungwe siku 17.

Kitu cha kwanza kuvunja orodha ni sanda. Bafta nyeupe inauzwa duka la nguo, inakatwa kwenye jora, na msiba hauna miadi. Mwanamume wa Kiislamu hukafiniwa kwa vipande vitatu, mwanamke vitano, na mazishi hufanywa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku hiyohiyo. Ukifunga duka la nguo Chikongola saa mbili asubuhi, adhuhuri tayari una familia inayogonga mlango wa nyuma. Na mwenye duka atafungua. Hakuna mgambo wa kumkamata mtu mwenye jeneza nyumbani. Basi sheria imeshavunjwa siku ya kwanza, tena kwa sababu njema, na baada ya hapo ni vigumu kuirudisha kwenye mstari.

Kitu cha pili ni kanga. Anayeisoma kanga kama pambo hajawahi kumsindikiza mzazi hospitali. Mjamzito huenda na doti kadhaa: ya kutandika, ya kujifunga, ya kumpokelea mtoto. Kanga mpya inauzwa doti nzima, vipande viwili vimeungana. Lazima ikatwe katikati, ipindwe, na ikiwezekana ifuliwe kwanza ile wanga iishe, kwa sababu ikiwa mpya haifyonzi maji. Kwa hiyo hainunuliwi dakika ya mwisho. Ukiifunga kwa siku 17 unawabana wale ambao siku zao za kujifungua zinaangukia humo ndani, na hao hawana uwezo wa kusogeza tarehe.

Kitu cha tatu ni salfa, na hapa orodha yoyote iliyoandikwa na mtu wa mjini itaanguka. Mikorosho ikianza kutoa maua, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unaingia, na unga wa salfa ndiyo kinga iliyozoeleka. Kipimo kinachotajwa sana ni robo kilo kwa mti kwa mpulizo mmoja, ukirudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100 kwa mzunguko mmoja. Hupulizwa alfajiri, umande ukiwepo na upepo umetulia, kwa mota ya mgongoni, yaani mashine ya kupulizia. Sasa hesabu: zuio la siku 17 ni mzunguko mmoja mzima umepotea. Ua likishaungua kwa ubwiri halirudi, na hasara yake utaiona Oktoba ukiwa umeshasahau zuio lilikuwa lini. Pamoja na salfa kuna petroli ya mota, plagi, barakoa na miwani. Ukiruhusu salfa ukafunga duka la spea, umeruhusu mfuko ukae stoo. Lazima ya mkulima ni mnyororo, ukikata pete moja nyingine zote hazivuti.

Oktoba ikifika orodha inabadilika tena. Salfa haina kazi, lazima sasa ni magunia ya katani, uzi na sindano ya kushonea. Korosho ghafi ikifungwa kwenye kiroba cha plastiki inatoa jasho na kuota ukungu, daraja linashuka ghalani. Novemba na Desemba mvua zikianza, lazima ni jembe na mbegu. Kwa maneno mengine, orodha ya Mtwara isiyo na tarehe ubavuni haifai kubandikwa.

Vingine ni vya kupita haraka: chandarua, kandambili, ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Huko juu Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kusaka, ndoo iliyopasuka ni dharura sawa na kuishiwa unga. Wales ndoo huenda ingekuwa upande wa nailoni.

Na hapo tuseme neno kuhusu wamachinga. Jina lenyewe linasemekana limetoka huku, kwa kabila la Wamachinga wa Lindi. Ukiangalia anachobeba machinga mkononi, mikanda, chupi, vichanio, visu, vikombe, taa za sola, karibu chote kingeingia kwenye rafu za kufunikwa. Huwezi kumfunika nailoni mtu anayetembea.

Sasa tuje kwenye huduma ambayo tunaamini inafanya vizuri zaidi, nayo ni ya kizamani: duka la kaunta. Mbele nondo au wavu, katikati dirisha dogo lenye upana wa mkate na nusu, bidhaa zote nyuma ya muuzaji. Mteja hasogei ndani. Anasema anachotaka, analetewa, analipa, anaondoka. Supamaketi za Ulaya zilipoanza kuhimiza watu waagize kwa simu na kuchukua mlangoni, zilikuwa zinagundua upya duka la mtaa wa Magomeni, hapa Mtwara. Kwenye kaunta hakuna rafu ya kufunika. Muuzaji anasema "hiyo hatuuzi mpaka tarehe tisa" na mambo yameisha. Mwenye msiba anaeleza msiba wake kwa mtu anayemjua, si kwa keshia asiyewahi kumuona. Ile busara ambayo Wales waliiandika kwenye ufafanuzi, hapa ipo tayari, kwa sababu muuzaji anajua nani ana mgonjwa na nani anataka tu kubadili mapazia.

Lakini tusiipambe. Kaunta ina kasoro zake, na wakati wa ugonjwa zinauma zaidi.

Ya kwanza ni mwendo. Muuzaji ni mmoja. Mteja wa kitu kimoja anatoka ndani ya dakika moja. Mteja wa vitu 12, vikiwemo vya kupimwa kama sukari, mchele na mafuta, anachukua dakika nane kwa urahisi. Wateja saba wa namna hiyo ni karibu saa nzima, na nyuma yao foleni inabanana kwenye kivuli cha paa kwa sababu jua la Mtwara halina huruma. Umewatoa watu ndani ya duka ukawasonga barazani.

Dawa yake ni kupima mapema. Kabla ya kufungua, funga sukari, mchele na unga kwa robo, nusu na kilo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, kwa hiyo wengi hutumia karatasi za kaki, nazo zina tabia yake: hewa ya pwani ina unyevu, sukari iliyofungwa kwenye karatasi jioni hushikana mabonge ikifika kesho yake mchana. Funga ya siku moja tu. Weka karatasi tupu kwenye mizani kwanza, rudisha sifuri, ndipo umimine. Usipofanya hivyo unamuuzia mtu karatasi kwa bei ya sukari, na kwenye robo kilo mteja anaona. Hakikisha stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka huu, kwa sababu bei zikipanda ndipo ugomvi wa vipimo huanza.

Mafuta ndiyo magumu zaidi kuyapanga. Mteja huja na chupa yake, mdomo wa chupa unagusa faneli, faneli inagusa chupa inayofuata. Afadhali duka liwe na chupa za robo na nusu lita zilizooshwa na kujazwa, mteja aache yake tupu na kuchukua iliyojaa, kama tunavyofanya kwenye soda. Chupa zilizorudi zioshwe kwa maji ya moto na zikauke kabisa, maji yakibaki ndani huharibu mafuta na kuyafanya yaruke kwenye kikaango.

Ya pili ni urefu wa dirisha. Maduka mengi dirisha liko chini ya kidevu, mteja anainama kusema na muuzaji anainama kusikia, nyuso zinakutana kwenye uwazi wa shubiri moja. Kwa ugonjwa unaoenea kwa pumzi, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote dukani, na ndoo ya kunawia mlangoni haigusi tatizo hilo. Suluhisho ni kutenganisha sauti na mzigo: mteja asemee kwenye wavu wa juu akiwa amesimama wima, dirisha la chini liwe la kupitisha vitu tu. Orodha ya karatasi au ya ujumbe wa simu ni bora zaidi, ila iandikwe na kipimo. "Sukari" peke yake inarudisha mazungumzo yote mwanzo.

Ya tatu ni chenji. Lipa namba inapunguza kushikana noti, lakini mteja wa kiberiti na chumvi hatakatwa makato kwa ajili ya kitu kidogo. Atatoa noti ya 5,000. Kuwa na sarafu za 50, 100 na 200 kwenye kibakuli kilichowekwa dirishani, mteja aokote mwenyewe. Pipi kama chenji ziachwe.

Ya nne haisemwi sana: mkopo. Daftari la madeni ni sehemu ya huduma, na zuio linapokata vibarua, daftari hujaa ndani ya wiki moja. Duka lisilo na kiwango litaishiwa mtaji kabla ya zuio kwisha, na hapo hata za lazima hazitakuwepo. Panga kiasi kwa kila nyumba tangu siku ya kwanza, na kiwe cha unga, mafuta na sabuni tu. Hiyo ndiyo orodha ya lazima ambayo mtaa wenyewe huikubali bila sahihi za mtu.

Akiba nayo. Bidhaa nyingi za Mtwara hupanda lori Dar es Salaam na kupita barabara moja ya pwani. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hiyo upande wa Kilwa, magari yalikwama bila kujali limebeba mchele au midoli. Anayeandika orodha ya lazima bila kuuliza kuna mzigo wa siku ngapi stoo ameandika matamanio. Kwa duka la mtaa, wiki mbili za unga, chumvi, mafuta, viberiti na sabuni ni kiwango cha chini.

Alama zetu: rafu za nailoni za Wales, nyota mbili kati ya tano, moja kwa nia ya haki na moja kwa kusahihisha haraka. Orodha ya nguo ya Afrika Kusini, moja. Agizo la masoko Uganda, mbili na nusu, nusu hiyo kwa sababu lilieleweka. Kaunta ya Mtwara, tatu na nusu ilivyo sasa, nne ikiinua dirisha.

Kama siku moja zuio litakuja kweli, mabadiliko ya kwanza tungeyaomba yawe haya: tarehe ziandikwe pembeni ya kila bidhaa ya shamba, duka la spea za mota lifunguliwe asubuhi msimu wa salfa, na jora moja la bafta likae chini ya kaunta ya duka la chakula, ubavuni mwa gunia la sukari, na mkasi wake juu yake.